Uzoaji taka wa mtaa ambao majirani watashiriki: mwongozo kamili

Mitaa mingi ya Dar es Salaam imeshajaribu. Kikao kinaitishwa, mtaro unazibuliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, picha zinapigwa, na baada ya wiki chache viroba vimerudi palepale kwenye kona. Karibu kila mara kosa ni lilelile: watu wanahamasishwa kabla huduma haijawepo. Jirani anaweza kuelewa kila kitu alichoambiwa kikaoni, lakini kama toroli halipiti, maganda yake yatanuka jikoni na usiku atayamwaga mtaroni.

Kwa hiyo hapa tunaanza na ratiba na hesabu ya fedha. Maneno yanakuja baadaye. Mwongozo unawafaa watu watano hadi wanane walio tayari kusimamia kaya 60 hadi 80. Msianze na mtaa mzima. Mtaa mmoja wa Manzese, Buguruni au Mbagala una watu wengi mno kwa kundi changa, na mkishindwa mara moja, mtawarudia watu ambao wameshawachoka.

## Vinavyohitajika

- Toroli au mkokoteni mmoja wenye kuta za mbao. Anzeni kwa kukodi, msinunue.
- Makoleo mawili, reki moja, fagio mbili za chelewa.
- Mabuti ya mvua na glovu nzito za mpira, jozi moja kwa kila mzoaji na jozi moja ya akiba. Glovu laini za hospitali huchanika kwa kipande cha kwanza cha chupa.
- Turubai la kufunika mzigo, na kamba.
- Viroba vya akiba 30 hivi. Vilivyotumika kwa unga au mchele vinatosha.
- Mizani ya kuning'iniza inayopima hadi kilo 50. Ya kuazima inatosha, mnaihitaji wiki moja tu.
- Filimbi.
- Kaunta buku moja, kitabu cha risiti chenye nakala, na ubao wa kubandika hesabu.
- Fedha ya kuanzia ya kuendesha wiki mbili bila kumdai mtu. Kwa mfano wa hesabu ulioko hatua ya 4, ni Sh 72,000, mbali na vifaa.

Wazoaji wapate chanjo ya pepopunda kabla ya siku ya kwanza. Misumari na vioo viko kwenye taka za kila nyumba.

## Hatua ya 1: Hesabuni kaya, si nyumba

Piteni kichochoro kwa kichochoro na daftari. Nyumba moja ya kupanga inaweza kuwa na vyumba nane na kaya nane, kila moja na jiko lake. Mkihesabu nyumba mtapanga toroli dogo na ada isiyotosha.

Kwa kila kaya andikeni vitu vitatu: wako wangapi, nani hasa hutoa taka nje, na saa ngapi yuko nyumbani. Hilo la pili ndilo husahaulika. Kikaoni huja baba mwenye nyumba au mama mkubwa, lakini ndoo ya taka hubebwa na dada wa kazi, mtoto anayetoka shule, au mpangaji anayewahi kazini. Huyo ndiye anayeamua kama taka zitafika kwenye toroli au zitaishia mtaroni. Mkimjua mapema, mmeokoa kazi ya miezi.

Choreni na ramani ya mkono: vichochoro, mahali gari linapoweza kufika, mitaro, na kona zote zinazotupwa taka sasa hivi. Wekeni alama pia kwa mama lishe, vinyozi, genge na mabanda ya kuku. Taka zao ni tofauti na za nyumbani na ujazo wake ni mkubwa.

Mmefanikiwa ikiwa mtu asiyeishi hapo anaweza kutumia ramani yenu na kuzifikia kaya zote bila kuuliza.

## Hatua ya 2: Jueni nani ana haki ya kuzoa

Kabla toroli halijagusa ardhi, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata. Ulizeni maswali manne: Kuna mkandarasi au kikundi chenye mkataba wa eneo hili? Ada iliyowekwa na sheria ndogo ya halmashauri ni kiasi gani? Inalipwa kwa njia gani? Gari la taka hupakilia wapi na siku zipi?

Mkandarasi akiwepo, msishindane naye. Mara nyingi tatizo lake ni kwamba gari haliingii vichochoroni, na tatizo la wakazi ni kwamba barabara iko mbali. Hapo ndipo pa kundi lenu: mnatoa taka ndani na kuzifikisha kwenye kizimba (mahali pa kukusanyia taka za mtaa) au mahali pa gari, kisha mnakubaliana naye kwa maandishi mgawo wenu katika ada. Kaya isilipe mara mbili. Ikilipa mara mbili mwezi wa kwanza, mwezi wa pili haitalipa popote.

Asipokuwepo mkandarasi, ombeni barua ya kutambuliwa rasmi na serikali ya mtaa na halmashauri. Barua hiyo ina faida nyingine: kikundi kilichosajiliwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na kwa mkopo huo kununua toroli au guta lenu wenyewe.

Tahadhari: msikusanye fedha yoyote kwa jina la halmashauri bila idhini ya maandishi. Na msianze kuzoa kama hamjui mzigo utaishia wapi. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, mbali na mitaa mingi, na toroli haliendi huko. Taka zikirundikana kwenye kizimba siku sita bila gari, walio jirani na kizimba watakuwa wapinzani wenu wakubwa, na watakuwa na haki.

## Hatua ya 3: Pimeni taka kwa siku saba

Chagueni kaya 10 za aina mbalimbali: zenye watoto wadogo, za wapangaji wa chumba kimoja, yenye mama anayepika maandazi. Pimeni kila siku kwa siku saba mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kwa sababu siku hizo watu wanapika zaidi.

Kwa kupangia, kisieni nusu kilo kwa mtu kwa siku, kisha mrekebishe kwa kipimo chenu. Kaya 80 zenye watu wanne wanne hutoa kilo 160 kwa siku, yaani kama kilo 560 kwa kila mzunguko mkizoa mara mbili kwa wiki. Toroli linalobeba kilo 200 litaenda safari tatu.

Mtaona pia kwamba zaidi ya nusu ya uzito ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Liandikeni hilo, litawasaidia kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 4: Pangeni ada kwa hesabu ya wanaolipa

Hapa ndipo miradi mingi hufia, kwa hiyo someni polepole. Takwimu hizi ni za mfano. Wekeni bei za kwenu.

Mizunguko 9 kwa mwezi, Jumatano na Jumamosi. Wazoaji wawili, kila mmoja Sh 8,000 kwa mzunguko: Sh 144,000. Kukodi toroli Sh 2,000 kwa siku: Sh 18,000. Akiba ya glovu, fagio na matengenezo: Sh 18,000. Jumla Sh 180,000 kwa mwezi. Hesabu hii haina gharama ya gari la kwenda dampo, kwa kuwa hiyo inategemea makubaliano ya hatua ya 2.

Mkigawanya kwa kaya 60, ada ni Sh 3,000. Inapendeza kusikia, lakini ni mtego. Si kaya zote zitakazolipa. Wakilipa 45 kati ya 60, mnapata Sh 135,000 na mnapungukiwa Sh 45,000. Pengo hilo hulibeba wazoaji: mmoja hapati chake, Jumatano haji, taka zinalala, na wale 45 waliokuwa wakilipa wanaona hakuna wanacholipia. Mwezi unaofuata wanabaki 20.

Piga hesabu tangu mwanzo kana kwamba kaya tatu kati ya nne ndizo zitakazolipa. Kwa kaya 60 ada inakuwa Sh 4,000. Au tafuteni kaya 80 mbaki na Sh 3,000: wakilipa 60, gharama imetimia. Ndiyo maana tumesema 60 hadi 80.

Kama eneo lina ada iliyopangwa na halmashauri, msiipandishe wala kuishusha. Badala yake punguzeni au ongezeni idadi ya kaya hadi hesabu ikae.

## Hatua ya 5: Vikao vya kichochoro kwanza, mkutano wa mtaa baadaye

Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kupitisha uamuzi, haufai kuutengenezea. Mkipeleka jambo bichi mbele ya watu mia mbili, wawili wenye sauti kubwa watalizamisha kwa hoja ya fedha zilizoliwa na kamati iliyopita.

Fanyeni vikao vidogo vya kaya 10 hadi 15, barazani au chini ya mti, dakika 40 zisizidi. Kwa kina mama na wapishi, saa 10 jioni. Kwa wanaotoka kazini, Jumapili. Mjumbe wa shina awepo, lakini asiwe mzungumzaji mkuu.

Semeni mambo matano tu: siku, saa, ada, nani anashika fedha, nani wa kumpigia toroli lisipofika. Acheni hotuba ya kipindupindu. Kila mtu Dar anakijua. Asichokijua ni kama nyinyi mtafika Jumatano.

Kisha sikilizeni. Zitatoka hoja ambazo hamkuzifikiria: mbwa wa nyumba fulani, mlango unaofungwa hadi saa 2, mzee anayeishi peke yake. Zijibuni kwa kubadilisha ratiba pale inapowezekana. Mtu ambaye neno lake limebadilisha ratiba huilinda ratiba hiyo.

Waiteni pia waokota makopo na chupa wanaopita eneo lenu. Wanajua taka za mtaa kuliko kamati yoyote. Mkiwatenga, watapasua viroba usiku kutafuta riziki yao. Mkiwaajiri kama wazoaji au mkiwaachia chupa zote, tatizo hilo halitokei.

## Hatua ya 6: Wiki mbili bila ada

Zoeni mizunguko minne bure. Watu wamewahi kuchangishwa na wasione kitu, kwa hiyo ni haki waone kwanza.

Mara mbili kwa wiki ni kiwango cha chini, na sababu yake ni nzi. Katika joto la Dar, yai la nzi linaweza kuwa nzi mzima ndani ya siku 7 hadi 10. Taka mbichi ikiondoka kila baada ya siku tatu au nne, funza hawapati muda wa kukomaa jikoni kwa mtu.

Utaratibu wa siku ya kuzoa:

1. Saa 12:30 asubuhi filimbi inapulizwa mwanzo wa kichochoro, mipulizo mitatu mirefu. Iwe hiyohiyo kila siku, watoto waizoee.
2. Kaya hutoa taka wakati huo, si usiku wa kuamkia. Kiroba kilicholala nje hupasuliwa na mbwa, panya na kunguru, na anayelaumiwa ni mzoaji.
3. Mzoaji mmoja anapokea, wa pili anapanga mzigo na kufagia kilichodondoka. Kufagia ni lazima. Kichochoro kikiachwa safi kuliko kilivyokutwa, ada mmeshaiomba nusu.
4. Ndoo inarudishwa mlangoni, haiachwi katikati ya njia. Ndoo iliyopotea huua imani kwa wiki nzima.
5. Turubai linafungwa kabla ya kutoka barabarani.
6. Saa 3 asubuhi mzunguko umekwisha na msimamizi ameandika kaya zilizotoa taka na ambazo hazikutoa.

Kaya inayowahi kutoka saa 11 alfajiri ipewe jirani wa kuiachia kiroba. Mjue kwa jina ni nani.

Mmefanikiwa ikiwa kufikia mzunguko wa nne watu wanasimama mlangoni na ndoo kabla filimbi haijawafikia. Kama bado mnagonga milango, saa mliyochagua si saa yao. Ibadilisheni sasa.

## Hatua ya 7: Kukusanya ada

Watu wawili, kamwe asiwe mmoja: mmoja anapokea na kuandika risiti, mwingine anatunza daftari. Wazoaji wasipokee fedha. Malipo ya simu yaende kwenye namba ya kikundi, isiwe ya mwenyekiti, na ujumbe wa malipo uandikwe risiti siku hiyohiyo.

Nyumba za kupanga zina njia yake. Wapangaji wengi tayari wanachangia umeme wa LUKU na maji kwa mtu mmoja wa nyumba. Muombeni huyo aunganishe ada ya taka na mchango huo, nanyi, kama nyumba ina kaya nane, mmpe risiti nane zenye majina nane. Mwenye nyumba anayekubali kuingiza ada kwenye kodi ni bora zaidi, ila wapangaji waonyeshwe risiti, vinginevyo watahisi kodi imepandishwa kwa mlango wa nyuma.

Kila tarehe 5 bandikeni hesabu ubaoni, mahali watu wanapopita kuchota maji au kununua mboga: kaya zilizolipa ni ngapi kwa kila kichochoro, fedha iliyoingia, iliyotoka, na salio. Msiandike majina ya wadaiwa. Jina la mtu likibandikwa, ugomvi unaacha kuwa wa taka na kuwa wa kuvunjiana heshima, na familia yake yote inajitoa.

### Asiyelipa

Mfuateni nyumbani faragha, mkimsalimia kama jirani. Mtakuta sababu za aina nne: hakuwepo, hana, hajaridhika, au hataki.

Asiyekuwepo atalipa. Asiye na uwezo, kamati ikubali kumsamehe au achangie kwa kazi, kama kufagia mbele ya kizimba. Wekeni ukomo wa kaya nne au tano ili hesabu isivunjike. Asiyeridhika ndiye mwalimu wenu, kwa sababu anajua mlichokosea. Asiyetaka kabisa, baada ya miezi miwili mpelekeni kwa mjumbe, kisha kwa mtendaji wa mtaa mwenye nguvu ya sheria ndogo.

Katika muda wote huo endeleeni kumzolea. Inauma, lakini kiroba chake mkikiacha kitalala mtaroni na mtalipia kuuzibua.

## Hatua ya 8: Kutenganisha taka, baada ya mwezi wa pili

Msianze na ndoo nne za rangi nne. Anzeni na makundi mawili: mbichi kwenye ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, kavu kwenye kiroba. Pampasi na pedi zifungwe peke yake ndani ya kiroba cha kavu. Vioo, betri na sindano zikabidhiwe mkononi, kwenye kopo au chupa ngumu.

Taka mbichi zichujwe maji na mchuzi kabla ya kutiwa kwenye ndoo, na zinyunyiziwe majivu ya mkaa juu. Harufu hupungua sana.

Wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na nguruwe watachukua maganda ya ndizi, mihogo na mboga yakiwa masafi, hasa kutoka kwa mama lishe. Yaliyobaki yanaweza kuwa mboji: rundo la mita moja kila upande, tabaka moja la mbichi kwa mawili ya majani makavu, lenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na kugeuzwa kila wiki. Ndani ya wiki 8 hadi 12 linakuwa jeusi lenye harufu ya udongo. Likinuka uvundo, lina maji mengi. Ongezeni majani makavu na mligeuze.

Chupa za plastiki ziuzwe kwa wanunuzi wa chakavu. Msiwaahidi watu utajiri: inachukua chupa za nusu lita kati ya 50 na 80 kufika kilo moja. Fedha hiyo inafaa kuwa motisha ya wazoaji, haiwezi kuchukua nafasi ya ada.

## Hatua ya 9: Kona sugu

Kibao cha faini peke yake hakisafishi kona. Wekeni mtu aangalie jioni tatu na alfajiri tatu, bila kumkamata yeyote, mjue nani anatupa na kwa nini. Mara nyingi ni wanaowahi kazini, wenye biashara za jioni, au watu wa mtaa wa jirani ambao hawana huduma. Kila kundi lina dawa yake: la kwanza jirani wa kuachiwa kiroba, la pili mzunguko wao wa saa 3 usiku kwa ada yao, la tatu mazungumzo na mwenyekiti wa mtaa wao.

Kisha safisheni kona siku moja na mwitumie kesho yake: genge la mboga, benchi la vijana, miche ndani ya matairi, taa. Eneo lililoachwa tupu hurudiwa ndani ya siku chache. Na msichome taka zilizopo. Moshi wa plastiki ni sumu na huingia moja kwa moja kwenye vyumba vya watoto.

## Hatua ya 10: Masika

Machi hadi Mei ndipo ratiba hupimwa. Usiku wa mvua kubwa kuna mazoea ya kumwaga taka kwenye mkondo ili ziende zake. Haziendi. Zinakwama kwenye kalavati la chini, na maji yanarudi ndani ya nyumba za walio bondeni mwa Mto Msimbazi na vijito vyake.

Mwezi Februari zibueni mitaro, na tope liondoke siku hiyohiyo; likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha. Ongezeni kibarua mmoja wa kubeba viroba begani pale toroli linapozama, na fedha yake itoke kwenye akiba ya Januari na Februari.

Mvua ikinyesha asubuhi ya siku ya kuzoa, mzunguko uhamie saa 10 jioni ya siku hiyohiyo. Kamwe usihamie kesho. Atakayeahirishiwa mara mbili atasubiri mvua ya usiku.

## Lini muongeze eneo la pili la kaya

Miezi mitatu mfululizo bila mzunguko uliokosekana, kaya tatu kati ya nne zinalipa, na salio la akiba linatosha mwezi mmoja wa malipo ya wazoaji. Masharti yote matatu, si mawili. Yakitimia, eneo la pili lizolewe Jumatatu na Alhamisi kwa toroli lilelile na wazoaji walewale, ila liwe na daftari lake, ubao wake, na watu wake wawili wa kushika fedha.